Viatu Vipya vya Gari la Suthin

Nong Waeng, 3 Novemba

Dada yangu Wanphen,

Kwa heshima na taadhima nautangazia ukoo wetu wote, walio hai na waliotangulia, walio nyumbani na walio Taiwan, kwamba jana alasiri, mbele ya mashahidi wawili na kuku mmoja, gari letu la haibridi lilivuliwa rimu zake za kiwandani namba kumi na tano na kuvalishwa rimu za spoti namba kumi na nane, nyeusi tii, pamoja na matairi ya ubavu mfupi. Sherehe ilifanyika kwenye gereji ya Ek, pale njia panda, naye akazichukua zile za zamani na matairi yake kufidia bei. Hotuba hazikuwepo. Ek alikaza nati ya mwisho, akarudi nyuma kidogo kama mpiga picha wa harusi, akasema, "Sasa hili ni gari. Lile la jana lilikuwa friji."

Baada ya tangazo hilo, hujambo dada? Mgongo unaendeleaje? Yule mzee unayemuuguza bado anakutupia kijiko? Huku tu wazima, ukiondoa goti la Mama, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Naandika badala ya kupiga kwa sababu nikipiga Mama hukaa ubavuni mwangu kama hakimu na kutaka kila neno litoke kwa sauti. Haya hayafai sauti.

Najua utauliza nimetafuta nini. Tangu kaka Suthin afariki mle garini, mimi ndiye ninayelitumia, nakusanya feni mbovu vijijini na kuzirudisha zikiwa na ubovu kidogo. Gari lile halina kelele, unalijua. Likikaribia nyumbani injini inazima, linatembea kwa betri tu, linaingia uani kama paka. Kinachosikika ni skrubu peke yake. Sijui kama niliwahi kukusimulia. Kuna skrubu imechoma tairi la nyuma, kushoto, tangu enzi za Suthin mwenyewe. Nilitaka kuing'oa akanishika mkono. "Iache, Pan. Ndiyo iliyotoboa na ndiyo inayoziba." Basi ikabaki, na kila gurudumu likimaliza mzunguko juu ya saruji ya uani, inagonga. Tik. Tik. Tik.

Mama akisikia hiyo tik anainuka. Anapakua sahani ya Suthin: donge la wali wa kunata, samaki wa kuchoma, pilipili kando. Anaiweka kwenye ngazi. Akishaiweka ndipo na yeye anakula. Bila tik, hali. Mimi nikishuka ananitazama, anasema, "Aa. Kumbe ni wewe." Kila jioni, dada, tangu mazishi. Nimekuwa naitwa Kumbe-ni-wewe.

Nilimwambia ni skrubu. Akaniuliza, "Skrubu inajua njia ya nyumbani?"

Kuing'oa sikuthubutu, kwa sababu Suthin alinikataza mwenyewe na hayupo wa kunipa ruhusa. Lakini kubadilisha rimu zote nne na matairi yake, hilo ni jambo la mitindo. Marehemu hawezi kulilalamikia. Nataka Mama ale kwa sababu ana njaa, si kwa sababu tairi limegonga. Hilo tu.

Picha nitakutumia. Limependeza, nakuapia.

Mdogo wako,
Khampan


Taichung, 5 Novemba

Pan,

Mzima wewe? Mama mzima? Mimi mzima, mgongo mzima, mzee mzima, kijiko kimevunjika. Salamu zimekwisha.

Nani alikutuma?

Mimi sikumzika Suthin. Mwajiri alinipa siku ya kulia, akanipa na chumba cha kulilia, kile cha kuanikia nguo. Nilikuomba kitu kimoja tu, na nilikiomba kwa adabu: gari likae kama alivyoliacha mpaka nije sikukuu ya maji. Nikae kwenye kiti chake, nilie nimalize, niteremke. Wewe umelivalisha viatu vya disko.

Na Bibi wa gari je? Ulimuaga? Kila gari lina bibi yake mlinzi, hata trekta la mjomba linaye, na wewe unajua hivyo, maana ndiwe uliyekuwa ukinywa soda nyekundu tuliyokuwa tunamtolea. Mtu hatoboi hata tundu la redio garini bila kumwekea shada la maua na kumwomba radhi. Wewe umemkata miguu minne kwa mpigo, huku Ek anapiga picha.

Nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Ninao ujumbe wa sauti wa mwisho wa Suthin. Alinitumia akiwa anaingia nyumbani. Anasema, "Nimefika, Wan, namsikia Mama anafunua chungu." Maneno hayo tu. Nyuma yake kuna kitu kinagonga, tik, tik. Wakati wote huu nilidhani ni saa yake ya mkononi. Nimekuwa nikilala nao sikioni. Leo ndipo najua kwamba nimekuwa nikilala na skrubu, na tayari umeshaiuza.

Picha usinitumie.

Mama amekula?

Dada yako,
Wanphen


Nong Waeng, 14 Novemba

Dada,

Natumaini barua hii inakukuta salama na hasira zimepoa hata kiasi cha kushikika kwa kitambaa. Mimi sijambo kwa mwili. Umeniuliza kama Mama amekula, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Nilitaka kukujibu ndiyo.

Jioni ya kwanza nilirudi na rimu zangu za kumi na nane. Matairi haya yana mvumo wake, kama mtu anachana gunia mbali. Kila kokoto inakupanda mpaka kwenye meno. Pale langoni nilikata usukani mpaka mwisho, tairi likakwaruza madigadi kwa ndani, krrr. Mama akauliza toka jikoni:

"Nani huyo?"

"Mimi, Mama. Pan."

"Na gari la nani?"

"La kaka."

"La kaka yako lina adabu."

Hakupakua. Alifunika chungu, akakaa nacho hivyohivyo, kanga ya mabega imefungwa kama anasafiri. Nilikula peke yangu, na sijawahi kutafuna kwa sauti kubwa vile. Asubuhi alikunywa uji vijiko viwili, na nadhani alinifanyia hisani.

Gari nalo limeharibika tabia. Unakumbuka yale majani ya kijani kwenye dashibodi, yanayochipua ukiendesha kwa upole? Suthin alikuwa anafika nyumbani na mti mzima, anatuita tuje kuuona. Mimi sasa nafika na jani moja, nalo limejikunja. Rimu ni nzito, tairi ni pana, mafuta yanakwenda kama pombe ya msiba. Ek anasema nilizoee. Kila kitu anasema nikizoee.

Lakini hayo si ya kuandikia barua. La kuandikia ni hili. Siku chache baadaye nilikuwa uvunguni mwa gari naangalia pale panapokwaruza. Feni ya mteja ilikuwa inaunguruma mezani. Mama akainuka.

"Huyo anapita."

"Nani, Mama?"

"Nyamaza." Akasikiliza. "Amepita. Hakuingia."

"Mama, gari hili hapa. Niko chini yake."

"Ndiyo," akasema. "Na yeye analitafuta, halijui tena."

Hukuwepo siku tulipomwita, basi ngoja nikueleze, maana neno la Mama limesimama hapo. Suthin aliegesha kituo cha mafuta apumzike, akawasha kiyoyozi, akalaza kiti, na moyo ukasimama. Wahudumu walimwona wakadhani amelala. Gari la namna ile halizimi. Betri ikishuka injini inajiwasha yenyewe, inaichaji, inajizima. Usiku kucha lilikuwa linajiwasha na kujizima, linampulizia ubaridi mtu asiyehitaji tena. Asubuhi nilikwenda, nikalirudisha gari nyumbani siku hiyohiyo. Baadaye ndipo mtawa alipokwenda kituoni kuiita roho yake, na ubani na uzi mweupe, nasi nyuma yake. "Suthin, inuka, twende. Suthin, tunavuka daraja, usibaki. Suthin, tunakata kushoto. Suthin, tumefika, shuka." Ilikwenda vizuri. Hata watoto walinyamaza.

Sasa Mama anasema hivi: "Mlimwita kwenye lami tupu. Yeye alikuwa ndani ya gari, na gari lilikuwa tayari uani kwangu. Aliyekuja nanyi kutoka kule ni nani?"

Nimekaa na swali hilo siku zote hizi. Nimeanza kulala nimewasha taa ya bafuni.

Mdogo wako,
Khampan


Taichung, 15 Novemba

Pan mdogo wangu,

Hujambo? Nakuuliza kweli safari hii. Taa ya bafuni iwashe tu, hakuna anayekudai maelezo.

Rudisha zile rimu. Nenda kwa Ek, mwambie dada yako amesema. Akikataa mpe na hizi za disko juu yake, azivae mwenyewe. Halafu mwite mtawa, mumwombe radhi Bibi wa gari, mfanye upya kila kitu. Mimi sijui kama kuna mtu anapita njiani. Najua Mama hali, na mtu wa umri ule hana akiba ya mwili ya kuchezea.

Jana nilicheza ule ujumbe wa Suthin, sikufunika simu vizuri. Mzee wangu ni kiziwi, Pan. Ukiangusha sufuria nyuma yake hashtuki. Ile tik ilipoanza akageuza kichwa, akatazama mlango, akakaa anautazama mpaka nikampa dawa.

Labda shingo ilikuwa inamwasha.

Ananiuma sana Mama. Mpikie yule samaki wa kuchachushwa anayempenda, hata kama nyumba itanuka.

Dada yako,
Wanphen


Nong Waeng, 24 Novemba

Dada Wanphen,

Salamu nyingi na pole ya kazi. Nyumba inanuka. Samaki nimekula mimi.

Kwa Ek nilikwenda. Alikuwa anakula embe bichi na chumvi, miguu juu ya tairi.

"Ek, zile rimu za kaka nazitaka."

"Rimu zipi?"

"Ulizozitoa kwenye gari langu ukiniambia ni friji."

"Aa, zile. Zile zimekwenda, bwana. Mbali."

"Mbali wapi?"

"Bangkok. Mnunuzi alikuja na lori, akabeba zote. Pan, mteja wangu, mbona umekonda? Umeshazizoea hizi?"

"Mama hali, Ek."

Hapo akaacha kutafuna. Nikamwona anatazama embe lake, anatazama barabara, ananitazama kiatu. Akasema, "Mpe pole Mama," akaingia ndani. Ek hajawahi kuingia ndani mteja akiwa nje.

Mtawa naye alikuja. Nilimweleza yote, akauliza, "Gari lina tatizo gani?" Nikasema, Mama hali. Akasema, "Basi tatizo si la gari," lakini akafanya kazi yake. Alinyunyiza maji, akachora upya vitone vyeupe vya baraka kwenye dari juu ya usukani, nikatundika shada jipya kwenye kioo, nikamwekea Bibi soda nyekundu na mrija, na safari hii sikuigusa. Alipomaliza akalizunguka gari, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akauliza kama rimu za aina hii zinapatikana za pikapu ya hekaluni. Nilimwambia amuone Ek.

Siku iliyofuata, mwanga unakufa, Mama akatoka na sahani. Si ngazini tena, anakwenda nayo barabarani. Anasimama pale kwenye nguzo ya lango, na pikipiki zinampita karibu kabisa. Ndiyo jioni zake sasa. Anasema kama Suthin haijui nyumba, basi amwone mtu anayemjua. Ananusa ile sahani, halafu anairudisha, na yeye hatii kitu tumboni. Mkono wake nikiushika, bangili inafika kwenye kiwiko.

Na jana, dada, nimeisikia mimi.

Nilikuwa jikoni nachuja wali. Feni zote zimezimwa. Tik. Tik. Tik. Ileile, na ule upole wake, kama mtu anayegonga hodi na hataki kuamsha watoto. Nilitupa chujio nikakimbia mbele hadi barabarani. Hakuna gari. Hakuna taa, hakuna vumbi, kulikuwa na mbwa wa jirani amekaa njiani anajikuna. Mama yuko langoni na sahani yake.

"Umemsikia?" akaniuliza.

Nilitaka kusema hapana. Nimemdanganya Mama mambo mengi na yamempendeza, lakini hilo lilinishinda.

"Nimemsikia."

Akashika mkono wangu, mara ya kwanza tangu mazishi. "Basi mkimbilie wewe mwenye goti zima," akasema. "Mwambie aingie."

Rimu ziko Bangkok. Skrubu iko Bangkok. Niambie nimwambie nani.

Mdogo wako,
Pan


Taichung, 25 Novemba

Pan,

Shikamoo zangu kwa Mama, na wewe pole sana. Sikulala, basi nimepata muda wa kufikiri, nikakumbuka jikoni kwetu kulivyo.

Ulikuwa unachuja wali. Anayechuja wali pale anatazama ukuta, na nyuma ya ukuta kuna ile njia inayofuata mfereji. Nilipokuja likizo mwaka jana walikuwa wanaimwagia saruji, na Suthin akawa anawalalamikia kwa kelele. Wewe ukakimbia mbele. Mama naye anasimama mbele. Sote tunakimbilia mbele kwa sababu Suthin alikuwa anaingilia mbele.

Kesho kaa nyuma, kwenye mikwaju. Bila feni, bila simu. Mama umfunge kitambaa cha shingo, kuna umande.

Kama ni skrubu, isimamishe. Kama ni yeye, usiseme kitu, mpishe njia, halafu uniandikie alikuwa amevaa nini.

Dada yako,
Wanphen


Nong Waeng, 2 Desemba

Dada yangu mpenzi,

Salamu. Sote tu wazima, na safari hii neno "sote" nimelipima kabla ya kuliandika. Nimekuweka siku nyingi bila jibu, najua umeikodolea simu macho. Nilitaka kwanza jambo liishe.

Nilikaa kwenye mikwaju. Jioni ya kwanza hakuna kitu, mbu tu. Ya pili ilikuwa sikukuu, nikakaa bure. Ya tatu ikaja. Niliisikia kabla sijaona chochote, tik, tik, kutoka upande wa njia panda, na nywele za shingo zikasimama moja moja. Kisha kikatokea kitu cheupe kwenye ile njia ya saruji, kirefu, kinakuja bila mngurumo, bila taa, hakitikisi hata nyasi. Dada, nilikuwa nimekariri nitakachosema na nikasahau hata jina la kaka yangu. Nilichosema ni, "Karibu."

Kikasimama. Kioo kikashuka.

"Khampan? Mbona umejificha kwenye mikwaju? Kuna ng'ombe amepotea?"

Ni Daktari Orathai, wa mifugo. Amehamia zile nyumba mpya nyuma ya lambo, na njia ya mfereji ndiyo mkato wake akitoka kazini. Taa husahau kuwasha mpaka giza liwe giza. Gari lake ni haibridi, toleo lilelile la Suthin. Rimu zake zilipindia kwenye mashimo akienda kumzalisha nyati wa watu, akaenda kwa Ek, na Ek akamuuzia rimu nne za kiwandani na matairi yake, safi kabisa, zimetoka Bangkok, kwa mama mmoja mwalimu aliyekuwa analitumia gari kwenda sokoni tu.

Si nimekwambia Ek aliacha kutafuna? Nani hapa kwetu atanunua matairi ya gari alilofia mtu? Basi aliyapeleka Bangkok kwa mdomo tu, yakarudi yameoshwa. Daktari nilipomweleza yalikotoka aliuliza tu, "Na Mama yako hali?" Nikasema hali. Akasema, "Panda." Hakuniuliza kama naogopa.

Tukazungukia mbele. Mama yuko langoni na sahani. Akamsikia kabla hajatuona. Nilimwona anavyojinyoosha, dada, kama mtu aliyevishwa nguo mpya. Akasogea pembeni, gari likaingia uani, tik, tik, tik, mpaka mwisho wa saruji, mahali palepale. Likasimama. Nikashuka mimi upande mmoja, Daktari upande mwingine.

"Aa," akasema Mama. "Kumbe ni wewe. Na huyu?"

"Mama, njoo uone," nikasema. Nilichuchumaa kwenye tairi la nyuma, kushoto, nikawasha tochi ya simu. Ile skrubu ilikuwa imegeukia juu kidogo, kichwa kimesuguliwa na lami mpaka kinang'aa kama kishikizo cha shati la askari.

Mama akachuchumaa kwa goti lake lile. Akaigusa.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo."

"Ndogo hivi."

"Nilikwambia, Mama."

"Uliniambia. Hukunionyesha." Akazungusha kidole juu yake. "Kumbe nilikuwa nampakulia skrubu."

Nilifikiri atacheka. Daktari alifikiri atalia, nikamwona ananyoosha mkono. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema, "Pan, plaizi ya kaka yako." Nikaileta. Akamgeukia Daktari. "Mwanangu, naomba ruhusa, gari ni lako."

"Toa tu Mama, lakini..."

Hakusubiri lakini. Unamjua. Akaibana, akaivuta kama anang'oa jino la mtoto.

Upepo ukatoka. Sikujua kwamba tairi lina pumzi ndefu namna ile. Ilikuwa inatoka polepole, haina haraka, na Mama ameweka kiganja pale inapotokea, ncha ya kanga yake inapepea. Tukakaa hivyo. Mbwa wa jirani akaacha kujikuna. Hewa ile, dada, aliijaza Suthin mwenyewe, maana kila Jumapili alikuwa na pampu yake. Mama akaanza kusema kwa ile sauti ya mtawa, tena bila kukosea hata neno:

"Suthin, inuka, twende. Suthin, tumeshavuka madaraja yote. Suthin, tumefika. Shuka."

Ikapungua, ikawa kama mtu anayelala, ikaisha. Gari likawa limeinama upande mmoja.

Mama akabeba sahani mikono miwili, akatembea nayo kuelekea nyumbani pole kabisa, anaongea chini, "Ngazi hiyo. Nyingine. Inua mguu." Mlangoni akaacha nafasi ya mtu kupita kwanza, ndipo akaingia. Mimi na Daktari tulibaki nje, hatukutazamana.

Tulipoingia alikuwa amekaa kwenye jamvi, sahani ya Suthin mbele yake, na alikuwa anakula. Si vijiko viwili. Alimaliza samaki mpaka miiba ikawa safi, akalamba pilipili kidoleni. Halafu akafunua kikapu cha wali, akanisukumia.

"Kaa ule, Khampan."

Jina langu, dada. Lote.

Skrubu iko kwenye kikombe cha ubani, karibu na picha yake. Ukija sikukuu ya maji utaikuta, na kiti chake nimekifunika usikute vumbi. Ek ameleta mananasi matatu na hajasema ya nini. Rimu zangu naziacha, zinakwaruza lakini Mama anasema sasa anajua ni mimi ninayekuja.

Ule ujumbe usiufute.

Mdogo wako,
Khampan

Nimesahau: magari haya hayana tairi la spea, mahali pake wameweka betri. Usiku ule ikabidi Daktari alale kwetu.